Ubeti Mmoja kwa Shokapu Nne

Ukitaka kujua kama shokapu za gari zimekufa, usianze kwa kulala uvunguni. Mwangalie dereva anavyoshuka. Akishuka anatukana barabara, hayo ni matairi. Akishuka kimya, kajishika kiuno, anatafuta pa kuegemea, basi leta jeki.

Mama Yunisi alishuka kimya.

Lakini ngojeni kwanza niseme mimi ni nani. Naitwa Kombo. Nimekuwa fundi wa magari hapa Ngamiani, Tanga, miaka ambayo nimeacha kuihesabu, na kazi nimeiacha kwa sababu magoti yaliiacha kabla yangu. Shule niliishia darasa la nne kule Maramba, kwa hiyo mkiona maneno yamepishana mahali msinipigie kelele, someni kama mnaonisikiliza. Nyinyi vijana wa gereji ndio mlioniomba niandike niliyoyaona. Niliyoyaona ni mengi. Nimemwona mtu katia maji ya bahari kwenye rejeta. Nimeona kuku kataga chini ya boneti na mwenye gari analalamika injini ina mlio. Ila nitawaandikia la shokapu za Kiatu, kwa sababu ndiyo kazi niliyoikosea vibaya kuliko zote, na ndiyo niliyoiweza kuliko zote, na hizo mbili ni kazi moja.

Kiatu ni gari. Mama Yunisi ni nesi mstaafu, Msambaa wa Lushoto anayekaa Raskazone, na gari hilo aliliacha marehemu mumewe, ambaye naye alilipata kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Viti viwili tu, paa la turubai, boneti ndefu kuliko mahali pa watu, na chini sana, hata ukisimama kando yake paa linakufika kiunoni. Lilitengenezwa kwa ajili ya kukimbia, halikutengenezwa kubeba magunia. Watoto wa mtaani kwetu ndio waliolipa jina, kwamba likipita ni kama kiatu cha ngozi kinatembea bila mguu, na Mama mwenyewe akacheka akalipokea.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia siku hiyo.

"Marahaba. Fundi Kombo, hili gari linanipiga."

"Linakupiga vipi?"

"Kama mimi ndiye niliyelizeesha."

Nikaenda kwenye kona ya mbele, nikaibonyeza kwa uzito wangu wote, nikaiachia. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji spana. Gari lenye shokapu nzima linapanda, linarudi, linatulia. Kiatu lilipanda likashuka, likapanda likashuka, likaendelea kuitikia kama mtu anayekubali kila unachosema ili uondoke.

Mama akaegemea mlango akanieleza shida yenyewe. Mwanawe Elisha, anayekaa Dar es Salaam, amempata mtu anayekusanya magari ya zamani, na mtu huyo yuko tayari kuja kulichukua. Elisha anasema mama yake atakuja kufa kwenye kona za Soni, njia ya kupanda Lushoto.

"Nikamwambia hivi," akasema Mama. "Baba yako kila mwaka alinipandisha Lushoto kwa gari hili kwenye sikukuu ya mavuno kanisani kwetu. Mwaka huu nalipandisha mwenyewe. Likinifikisha na kunirudisha, na mimi nikashuka nimesimama wima, halitoki uani kwangu mpaka nife. Likishindwa, aje na mtu wake, nampa ufunguo kwa mkono wangu huu."

"Mavuno ni lini?"

"Wiki tano."

Nikasema wiki tano ni nyingi. Sikilizeni, fundi akisema wiki ni nyingi, mkimbieni.

Sasa, shokapu za gari lile si kama hizi za siku hizi, bomba refu unalolifungua, unalitupa, unafunga jipya. Zile ni kisanduku cha chuma, ukubwa wake kama nusu ya tofali, kimefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Ubavuni umetoka mkono, na mkono umeungwa na gurudumu kwa kiungo kifupi. Gurudumu likipanda mkono unapanda, na ndani pistoni inasukuma mafuta yapite kwenye tundu dogo. Tundu hilo ndilo kazi yote. Mafuta hayapendi kupita pale, na kule kutopenda kwake ndiyo starehe ya abiria. Mpya hazipatikani, hata ukaulize wapi. Ni kufufua zilizopo, nne, mbili za mbele na mbili za nyuma.

Nikazitoa. Kabla ya kufungua nikaziosha nje kwa petroli na mswaki mpaka chuma kikaonekana. Msifungue shokapu chafu hata mwenye gari akiwa amesimama juu ya kichwa chenu. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye lile tundu umemaliza kazi kabla hujaianza. Ndani nilikuta tope jeusi, nusu mafuta nusu maji, na ekseli ya mkono imekula tundu lake mpaka likawa na umbo la yai. Mafuta yalikuwa yanatokea hapo.

Bushi, yaani zile pete zinazoishika ekseli, nilizikereza upya kutokana na bushi kuukuu ya shaba ya korona, ile mashine kubwa ya kuchakata mkonge, niliyokuwa nayo nyumbani tangu ujana. Jambo moja liwekeni kichwani: unapopima ekseli usiipime pale ilipolika. Ipime pale sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, ilipopafunika, hapo ndipo inapokumbuka unene wake.

Na hiyo bushi ya korona nilipewa na Mzee Yohana, na bila Mzee Yohana kisa hiki hakiendi, kwa hiyo tupite kwake kidogo.

Mzee Yohana alikuwa fundi mkuu wa karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Maramba. Mlutheri haswa, haonji pombe, hatukani, nyundo ikimpiga kidole anasema "Ee Bwana" kisha anaendelea kugonga. Mimi kijana wa Kidigo, mtoto wa madrasa, nikawa mwanafunzi wake. Alinifundisha kwamba shokapu haimzuii mtu kuruka. Springi ndiyo inayoruka, shokapu kazi yake ni kuiambia imetosha. Na kuiambia huko kuna kipimo: unaibana shokapu kwenye jiliwa, mkono unauinua juu, unautundikia jiwe la mizani la kilo tano, unauachia. Mkono ushuke taratibu mpaka chini. Ukiwahi, mafuta ni mepesi. Ukichelewa, ni mazito.

Uwahi nini, uchelewe nini? Karakana haikuwa na saa. Mzee Yohana alikuwa anaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kwao, sauti ya chini, mwendo uleule siku zote, asiongeze asipunguze. Mkono ukigonga chini pamoja na neno la mwisho, shokapu imepona. Basi na mimi nikaushika ule ubeti. Ningefanyaje? Wengine walijifunza kazi kwa vitabu. Siku moja mama yangu akanisikia nauimba huku naosha vyombo, akakaa chini.

"Kombo, umebatizwa?"

"La, mama. Napima shokapu."

Hakuniamini mpaka nilipomchukua karakana akaona kwa macho yake jiwe linashuka na Mzee Yohana anaimba. Alipoona akasema, "Basi sawa, lakini ukifika kwenye jina lile, lipite haraka." Nikamjibu silipiti haraka, mama, nikilipita haraka kipimo kinaharibika.

Turudi kwa Kiatu. Bushi zimeingia, sili mpya zimekaa, valvu nimezisugua. Kikabaki kitu kimoja: mafuta. Ya asili hayapo. Nikatia mafuta ya injini, mkono ukashuka kama mgonjwa anateremka ngazi, nikaimba ubeti na nusu. Nikatia mafuta ya jeki niliyouziwa kwenye dumu lisilo na maandishi, mkono ukaanguka puu, nilikuwa sijamaliza hata mstari wa pili.

Mkabala na gereji yangu alikuwako Zaina, fundi wa pikipiki, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono ina nguvu na mdomo una nguvu zaidi. Akavuka barabara anajifuta vidole.

"Shikamoo, Mzee Kombo. Leo kwaya ina shida gani?"

"Marahaba. Natafuta mafuta ya shokapu."

"Si nikupe haya ninayotia kwenye shokapu za mbele za bodaboda? Ninayo mazito na mepesi."

Mnajua nilimjibu nini? Nasema ukweli, maana nimeahidi. Nilimwambia, "Mwanangu, hili ni gari la mashindano. Siwezi kulitilia mafuta ya baiskeli zilizokunywa petroli."

Akacheka. "Haya, babu. Ukikwama, mimi nipo hapahapa." Akarudi kwa pikipiki zake.

Halafu ndipo akili yangu ikanipeleka ilikonipeleka. Niliona chupa ya mafuta ya nazi dirishani kwa mke wangu Mize. Nikawaza: ni safi, hayali mpira wa sili, si mazito si mepesi. Nikayachuja kwa kitambaa mara tatu, nikatia kwenye shokapu ya kwanza, nikatundika jiwe, nikaimba. Wallahi mkono uligonga chini na neno la mwisho, sambamba, kama Mzee Yohana kakaa pembeni anaitikia. Nikarudia mara tano. Mara tano ileile. Nikatia na kwenye zile tatu, nikazifunga zote garini.

Sasa kaeni mnione nilivyovimba. Nilikwenda kijiweni kwa wauza kahawa nikatangaza. Nikasema wataalamu wote walioko duniani hawajajua kwamba mafuta bora ya shokapu yanaota mnazini. Zaina akapita akanusa gari.

"Mzee Kombo, gari lako lanukia wali."

"Na litapanda mlima limeshiba," nikamjibu.

Na kweli, hapa Tanga Kiatu lilikwenda kama limepakatwa. Mama Yunisi alilizungusha kutoka Raskazone mpaka Chumbageni na kurudi, akashuka amesimama wima, akanishika mkono na machozi yanamlengalenga. Akasema tujaribu mlima kabla ya siku yenyewe, tumebakiwa na wiki mbili, twende tukalale kwa dada yake Lushoto turudi kesho yake. Nikasema twende hata leo.

Tulipanda vizuri. Mombo jua kali, Kiatu linateleza. Kona za Soni, upande mmoja mwamba upande wa pili maporomoko, Mama anakata kona kama msichana na mimi nimeshika mlango nasoma kila dua ninayoijua. Tukafika kwa dada yake jioni, nikala viazi na maharage, nikapewa mablanketi mawili nikaomba la tatu. Ilikuwa kipupwe, na kipupwe cha Lushoto si cha kwetu. Kule pumzi inatoka kama moshi wa kibatari.

Asubuhi tukaagana na wenyeji. Mama akawasha, tukaondoka. Njia ya kutoka kwa dada yake ni ya udongo, ina makorongo. Korongo la kwanza tulilikanyaga meno yangu yakagongana. La pili kofia yangu ilikwenda zake. Kiatu lilikuwa gumu kama tumekalia ubao uliofungwa magurudumu. La tatu tukasikia kaa! mbele upande wa kushoto. Kiungo kimekatika.

Nikashuka nikafungua kifuniko cha shokapu. Ndani kulikuwa kweupe. Mafuta ya nazi yameganda, yamekaa humo kama samli, unaweza kuyachota kwa kijiko. Mkono umenasa, haushuki, na pigo lote la gurudumu likaangukia kwenye kiungo masikini kisichokuwa na kosa.

Vijana, msiniulize. Mimi ni mtu wa pwani. Tangu naanza kutembea naona mama yangu, kisha mke wangu, wanatoa chupa ya nazi juani asubuhi za kipupwe iyeyuke wajipake. Kwamba nazi inaganda nalijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa nalijua nyumbani. Nikitoka nyumbani kwenda gereji nilikuwa naliacha mlangoni pamoja na ndara.

Tulirudi Tanga na Kiatu limepandishwa juu ya lori la kabichi. Mimi na Mama tulibanana mbele na dereva. Tulipofika Muheza Mama akasema neno moja tu: "Wiki mbili, Fundi." Elisha alipopata habari alimpigia mama yake simu, na sauti yake niliisikia mpaka nilipokaa mimi: "Mama, fundi wako kakaanga gari!"

Nyumbani nilimwambia Mize. Nilitarajia pole. Yeye alicheka mpaka akajishika ukuta.

"Baba Fatu, miaka yote hii unanipita uani na chupa yangu juani, ulidhani naianika kwa urembo?"

"Sikuunganisha, Mize."

"Si ungeuliza?"

Hilo ndilo hasa. Ningeuliza. Mke wangu alikuwa anajua jibu la shokapu na hakuwa anajua kwamba analijua, na mimi nilikuwa nimelala naye nyumba moja nikamwendea mwuza madumu.

Nilipokwisha kucheka naye, nikakaa nikafikiri kosa liko wapi. Kipimo cha Mzee Yohana hakikuwa kibaya. Kilikuwa cha Maramba. Karakana yake haikuhama, na mashine zake hazikupanda mlima. Mimi nilikuwa na gari linalokwenda kwenye joto na kwenye baridi siku moja, kwa hiyo ubeti lazima niuimbe mara mbili, mara moja juani na mara moja kwenye baridi. Baridi naitoa wapi Ngamiani? Nikageuza shingo nikaliona friji la Mize, analogandishia barafu za ubuyu za kuuza.

Kesho yake asubuhi nikavuka barabara. Zaina alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu.

"Hujambo, mwanangu."

"Shikamoo, Mzee. Wali umeungua?"

"Umeungua. Nimekuja kuomba mafuta ya baiskeli zilizokunywa petroli."

Sikilizeni mwanamke mwenye adabu. Angeweza kunisimamisha pale hata adhuhuri, wateja wake wote wanasikiliza. Hakunisimamisha. Aliinuka, akaleta chupa mbili, akasema, "Haya mepesi, haya mazito. Bodaboda yangu moja inakwenda Lushoto kila wiki na kifurushi. Sijasikia imeganda." Kisha akaongeza, "Lakini nataka nije niuone huo wimbo unavyofanya kazi."

Akaja. Tuliziosha zile shokapu kwa petroli mpaka harufu ya nazi ikaisha. Tukatia mafuta mepesi, tukaiweka shokapu juu ya bati juani mpaka haishikiki, tukaibana kwenye jiliwa. Ikawahi. Tukamwaga, tukatia mazito. Nikaimba, mkono ukafika chini na neno la mwisho. Zaina akapiga makofi.

"Bado," nikamwambia. "Sasa friji."

Mize aliporudi sokoni akafungua friji lake akakuta chuma cha gari kimelala katikati ya barafu za ubuyu, kimevikwa mfuko.

"Baba Fatu! Watoto wa watu watakula grisi!"

"Nimekifunga, Mize. Mifuko mitatu."

"Na mimi nikikuweka humo, nikufunge mifuko mingapi?"

Lakini alikuwa keshaanza kutaka kujua. Shokapu ilipotoka, ina ukungu kama chupa ya soda, tulikimbia nayo mpaka kwenye jiliwa, mimi na Zaina, na Mize nyuma yetu na khanga yake. Nikatundika jiwe. Nikaanza kuimba, na mkono ukaanza kushuka. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Neno la mwisho likatoka, mkono bado uko juu kidogo. Nikasubiri. Ukagusa chini.

"Umechelewa maneno mawili," akasema Mize. Yeye naye kumbe ubeti alikuwa anaujua, kwa miaka ya kunisikia.

Maneno mawili kutoka jua la Ngamiani mpaka kwenye barafu. Nilijikalia chini. Tukafanya zote nne namna hiyo, moja moja, bati na friji, bati na friji, siku tatu mfululizo, mpaka msikitini wakaanza kuniuliza kwa upole kama nina jambo la kuzungumza nao. Nikachonga kiungo kipya. Nikafunga.

Tukapanda tena Jumamosi, siku moja kabla ya mavuno. Safari hii Mama hakukata kona kama msichana, alikuwa anasikiliza. Mimi pia. Tukalala kwa dada yake. Mimi kulala ni maneno tu. Kulipoanza kupambazuka nikatoka na blanketi mabegani, nyasi zote zimelowa umande, Kiatu limejaa matone kama limetoka jasho. Nikaenda kwenye kona ya mbele kushoto. Nikatia uzito wangu wote, nikaachia.

Likapanda, likarudi, likatulia.

Nikaenda kulia, nikaenda nyuma, kona zote nne. Linapanda, linarudi, linatulia. Nilisimama pale peke yangu na vidole vimekufa ganzi nikacheka kwa sauti, mpaka ng'ombe wa dada yake Mama akaniitikia zizini.

Kanisani mimi nilikaa nje, ukutani, penye jua. Wakaimba nyimbo zao, mara nikausikia ule wa Mzee Yohana. Watu mia na zaidi wanauimba, kinanda kinawafuata. Vijana, waliuimba polepole mno! Kwa mwendo ule ungetaka mafuta mazito kama asali. Nikajikuta naimba na mimi, kwa mwendo wa karakana, nimewatangulia, nimefika mwisho wao wako katikati. Mzee mmoja wa kanisa aliyesimama mlangoni akaniangalia na kofia yangu ya kiua.

"Mzee, umevaa baraghashia na wimbo wetu unaujua?"

"Naujua ubeti mmoja tu," nikamwambia. "Wa shokapu."

Baada ya ibada wana desturi ya kunadi mavuno nje. Mtu kaleta kabichi, mwingine mahindi, mwingine jogoo, wananunua wenyewe kwa wenyewe huku wanataniana. Mama Yunisi aliyapita makabichi yote akanunua trei moja la mayai, thelathini. Nikampokea, nikaingia garini nikalipakata.

Akasimama na ufunguo mkononi akanitazama.

"Fundi Kombo, unafanya nini?"

"Nayalinda, Mama. Njia yote ile mpaka Tanga."

"Ukiyapakata unayalinda kwa mikono yako. Mimi nataka yalindwe na kazi yako. Yaweke nyuma."

Nyuma ya viti vya Kiatu kuna kijisehemu kidogo, kiko juu ya magurudumu yenyewe. Hapo hata mtu mzima akikaa anaota nundu. Nikayaweka, yamefunikwa kitenge tu. Na kutoka kwa dada yake mpaka lami, makorongo yote yale, lile la kwanza, la pili, la tatu lililonivunjia kiungo, mimi sikugeuka nyuma. Niliogopa. Soni sikugeuka. Mombo kwenye joto sikugeuka. Matuta ya barabara kuu nayo, kila kijiji yapo, Mama anayapanda anayashuka, Kiatu linapanda, linarudi, linatulia.

Raskazone, getini kwake, tulimkuta Elisha amesimama na yule mtu wa kukusanya magari, bwana mpole wa miwani. Walikuwa wamekuja mapema makusudi. Mama akazima gari. Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akasimama. Wima, kama mlingoti. Hakujishika popote.

"Shikamoo, mama," akasema Elisha.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitolee mayai nyuma."

Elisha akafunua kitenge. Akayatazama, akalitazama gari, akanitazama mimi. "Haya mmeyanunua hapo sokoni," akasema.

"Yana matope ya Lushoto," akajibu Mama. "Yahesabu."

Akaanza kuyahesabu, moja moja, anaangalia kila moja huku na huku kwenye mwanga, anatafuta ufa. Yule bwana wa miwani naye akasogea. Kumi, hakuna ufa. Ishirini, hakuna. La ishirini na tisa akalibonyeza mno kwa ajili ya kutafuta, likampasukia mkononi, ute ukamtiririka mpaka kwenye saa yake.

Mama Yunisi akampa kitambaa.

"Hilo ni la kwako," akamwambia. "Mengine yote ni ya Fundi." Kisha akamgeukia yule bwana. "Karibu ndani, baba, unywe chai. Umetoka mbali. Gari haliuzwi, lakini chai ipo."

Yule bwana alikunywa chai, kisha akanichukua pembeni akaniuliza kwa heshima kama naweza kuzitazama shokapu za magari yake matatu. Nikamwambia magoti yangu hayataki tena, ila Ngamiani yuko fundi anaitwa Zaina, ubeti anaujua, akamwone yeye. Alikwenda. Kazi anayo mpaka leo, na friji la kwake mwenyewe.

Mayai nilimpelekea nusu Zaina, nusu Mize. Kiatu liko Raskazone, mtaliona likipita. Na mpaka leo, asubuhi za kipupwe, Mize akishatoa chupa yake ya nazi akaiweka juani, huniita kwa sauti majirani wote wasikie:

"Baba Fatu! Njoo uziangalie shokapu zako, zinayeyuka!"

Nakwenda, nakaa karibu na chupa, naiangalia mpaka iyeyuke yote.